Orodha ya maneno ya GRE sina, na wewe huihitaji

Tangu niseme hadharani kwamba nimepata 163 kati ya 170 katika sehemu ya lugha ya GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili ng'ambo, simu haitulii. Wote wanataka kitu kimoja: "Nitumie ile orodha ya maneno." Wiki hii aliyeniandikia ni muuguzi wa Kayole anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ili aende Uingereza. Yeye aliiomba hata kabla ya salamu.

Dadangu, orodha sina. Niliwahi kupewa moja, na acha nikusimulie ilivyonifikia.

Nilijiunga na kituo kimoja cha mafunzo hapa mjini. Siku ya kwanza mwalimu alituuliza, mmoja mmoja, tulisomea wapi. Nilipotaja shule yangu ya kutwa kule Mwingi alitabasamu, kisha akaniambia mbele ya darasa zima kwamba mtihani huu ni wa waliolelewa kwa Kiingereza. Baadaye akatugawia bunda la karatasi, maelfu ya maneno yaliyopangwa kuanzia A, kila moja na maana yake kando. Kazi yetu ilikuwa kukariri. Karo nilikuwa nimeshalipa, lakini sikurudi. Neno lile bado linaniuma, na kila nikiyatazama matokeo yangu namkumbuka yule bwana.

Aliyetunga mtihani hakuulizi maana ya neno likiwa peke yake. Maswali ya kutafuta kinyume cha neno yaliondolewa GRE mwaka 2011. Siku hizi kila neno limo ndani ya sentensi. Chukua sentensi inayosema kijana fulani darasani hafungui mdomo, ingawa nyumbani ni ____. Chini yake kuna maneno sita: garrulous, frugal, genial, loquacious, taciturn, erudite. Unatakiwa kuchagua mawili yatakayoiacha sentensi na maana ile ile. Genial inaingia vizuri tu, maana mtu anaweza kuwa mchangamfu nyumbani na kunyamaza shuleni. Lakini haina mwenzake pale, na ndipo waliokariri wanaponaswa. Jibu ni garrulous na loquacious, yote mawili yana maana ya msemaji sana. Ukichagua moja sahihi na moja la kubahatisha, hupati hata nusu alama.

Tuje kwa IELTS. Kwa wauguzi, Uingereza wanataka alama 7 kati ya 9 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Msamiati ni robo nzima ya alama za kuandika, na mtahini haangalii ukubwa wa neno tu, anaangalia kama limekaa mahali pake. Hapa Kenya tumeharibiwa mapema. Shule ya msingi tulijazwa misemo ya kupambia insha, jua likichomoza na ndege wakiimba hata kama insha yenyewe ni ya ajali ya barabarani. Mtahini wa IELTS anaitambua misemo ya kukariri mara moja, na haikupi chochote. Inakunyima.

Mimi nilisoma. Majarida ya Kiingereza ya mitumba, yale yanayotandazwa kando ya Tom Mboya Street, niliyanunua bila kujali ni ya mwaka gani. Foleni ya Thika Road ikikaza, nasoma. Nikikutana na neno nisilolijua naandika sentensi yote kwenye kadi, naacha pengo mahali pa neno, na neno lenyewe naliweka nyuma. Kadi zilikaa kwenye maboksi ya viatu, kwa utaratibu ulioelezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972: unayoipata inasogea boksi la mbele na kurudiwa baada ya siku nyingi zaidi, unayokosa inarudi boksi la kwanza. Enervate ilirudi mpaka nikaichukia. Inasikika kama kutia nguvu, kumbe ni kudhoofisha.

Ukitaka mahali pa kuanzia, tafuta maneno ya kitaaluma aliyokusanya Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, mwaka 2000. Ni familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na yanayotokana nalo, na hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya vyuoni. Naam, ni orodha, lakini itumie kujua uwinde nini unaposoma, usikae chini kuikariri.

Kisha tumia. Usiku uandike aya moja yenye maneno ya siku hiyo, umsomee mtu kwa sauti. Mimi nilimsomea binamu yangu, naye alikuwa akinikatiza: "Hapo hakuna mtu anasema hivyo." Alikuwa na haki karibu kila mara.

Ndugu zangu, tuache kutafuta njia za mkato. Kijana anatumiwa faili ya maneno WhatsApp, anaihifadhi, anajiona amesoma. Hujasoma! Soma ukurasa mzima, usome na kesho, usome hata siku umechoka. Na asikudanganye mtu kwamba shule uliyotoka ndiyo inayoamua.

Kuhusu tarehe, usiharakishe kulipia. Matokeo ya IELTS hutumika miaka 2, ya GRE miaka 5. Jipime kwanza nyumbani kwa saa: dakika 60, kazi mbili za kuandika za IELTS, ya kwanza maneno 150 na ya pili 250 kwenda juu. Ukizimaliza bila kufungua kamusi, nenda ukalipie.