Mbu wa Tangini: Maswali na Majibu

Safari hii nimechagua maswali yanayomhusu Anopheles stephensi, mbu wa malaria aliyetoka Asia ya Kusini na Rasi ya Arabuni akaweka makao Pembe ya Afrika. Maswali ya kama mbu huambukiza VVU nimeyaacha. Jibu ni hapana, na limekuwa hapana miaka yote.

Malaria tunayo tangu zamani na mbu tunao. Huyu mmoja ana nini cha ajabu?

Ana makazi tofauti. Anopheles gambiae tuliyemzoea hupenda vidimbwi vya mvua vilivyo juani, na mvua zikikatika naye hupungua. Stephensi hutaga kwenye maji tuliyoyaweka wenyewe: tangi, pipa, birika la saruji, shimo la maji ya kujengea. Kiangazi watu huhifadhi maji zaidi, basi naye hupata pa kuzalia wakati ule ule tuliouzoea kuwa wa nafuu. Na anaishi mjini bila shida.

Djibouti ilikuwa imekaribia kuitokomeza malaria. Mwaka 2012, alipogunduliwa huko, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 27. Mwaka 2020 walipita 73,000. Ongezeko hilo lina sababu zaidi ya moja, lakini yeye ni miongoni mwa zile kubwa. Mjini Dire Dawa, Ethiopia, wagonjwa walipita 2,400 kati ya Januari na Mei 2022, ilhali kipindi kama hicho mwaka 2019 walikuwa 205. Ameshapatikana pia Sudan, Somalia, Eritrea, Nigeria na Ghana, na Kenya alithibitishwa kwa mbu walionaswa Marsabit mwishoni mwa 2022. Anayesema hayo ni mambo ya Djibouti atazame ramani upya.

Je, ndiye anayeleta dengi?

Hapana. Dengi huletwa na Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Swali hili hunifikia kila mwezi.

Mtaani kwetu tumefyeka nyasi zote na kufukia mitaro, lakini malaria haipungui. Tumekosea wapi?

Mmefanya kazi ya haki mahali pasipo na mbu huyu. Hazai kwenye nyasi, na mtaro wa maji machafu ni wa mbu wa jamii nyingine, Culex, zaidi. Kumtafuta vichakani wakati tangi liko wazi ni kutwanga maji kwenye kinu. Hili nimeliandika mara nyingi na nitaendelea kuliandika: anzeni na maji mnayokunywa na kuogea.

Tangi likaguliwe sehemu tatu. Kwanza kifuniko: kilichopindwa na jua huacha mwanya ukingoni, na mwanya wa kuingiza kidole humtosha mbu kabisa. Pili bomba la kufurikia, ambalo mafundi wengi huliacha wazi. Lifungwe wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.2, ukazwe kwa waya au kibano. Ukitumia uzi, jua litaula. Tatu, tundu la kupitishia mpira wa kujazia. Mara nyingi hutobolewa pana kuliko mpira wenyewe, na nafasi inayobaki ndiyo mlango wake.

Pipa la kuchota maji kila siku lifunikwe kwa kitambaa kilichovutwa na kufungwa kamba pande zote. Kikilegea katikati, maji hutuama juu yake na hapo hapo mbu hutaga. Pipa lisilofunikika limwagwe lote na kusuguliwa kila wiki, kwa kuwa kwenye joto yai huchukua siku nane hadi kumi hivi kuwa mbu anayeruka. Mayai ya stephensi hayastahimili ukavu kwa muda mrefu. Ya Aedes hunata ukutani na kudumu miezi pasipo maji, ndiyo maana nasema kusugua, sio kumwaga tu.

Halafu kuna wajenzi. Shimo la maji ya kumwagilia zege hukaa wazi kwa wiki kadhaa, likizalisha mbu wa mtaa mzima, na hakuna anayeulizwa. Viongozi wa mitaa, anzeni hapo.

Nimeona viluwiluwi tangini. Nitajuaje ni vyake?

Mulika tochi kisha utulie dakika mbili tatu, kwa sababu kivuli chako huvifanya vizame. Vikirudi juu, tazama vinavyolala. Vya Anopheles hulala bapa, sambamba na uso wa maji. Vya Aedes na Culex huning'inia kichwa chini, vikipumua kwa kijibomba cha mkiani. Vilivyolala bapa ndani ya tangi mjini ni vya kutiliwa shaka. Visikutoke kwa kumwaga: chota kadhaa kwenye chupa, andika mahali na tarehe, peleka kwa afisa afya. Kumtofautisha na Anopheles wengine ni kazi ya maabara, si ya macho.

Nitie mafuta ya taa?

Kwenye maji ya kunywa au kupikia, kamwe! Ipo temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, ya chengachenga za asilimia 1: gramu 10 kwa kila lita 100, yaani gramu 100 kwa tangi la lita 1,000. Piga hesabu kwa ujazo wa tangi likijaa, hata kama leo limefika nusu. Usizidishe kwa kudhani itafanya kazi haraka. Miligramu 1 kwa lita ndiyo kikomo cha maji ya kunywa. Ipo pia Bti, dawa ya viluwiluwi itokanayo na bakteria, lakini soma lebo, maana nguvu yake hutofautiana na si kila aina imeruhusiwa kwa maji ya kunywa.

Chandarua bado kinasaidia?

Ndiyo, lala ndani yake. Ila mbu huyu huuma pia jioni mkiwa bado nje, na hupumzika hata mazizini, kwa hiyo dawa ya kunyunyiza kuta za ndani humkosa mara nyingi. Kwa kuwa pairethroidi, dawa ya kawaida ya vyandarua, ikiwa peke yake ameshaizoea sehemu nyingi, ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua chandarua chenye dawa mchanganyiko.

Programu ya simu inayotoa sauti ya kufukuza mbu inafanya kazi?

Haifanyi. Ifute.

Nilitibiwa malaria nikapona, baada ya miezi miwili homa ikarudi, na kipimo cha haraka kikasema sina. Inawezekanaje?

Stephensi hueneza aina mbili za vimelea vya malaria, falciparum na vivax pia. Vivax hujificha kwenye ini na kuamka baada ya wiki au miezi, bila kuumwa na mbu mpya. Vipimo vingi vya haraka huitambua falciparum tu, na Pembe ya Afrika kuna falciparum iliyopoteza protini inayosomwa na vipimo hivyo. Omba damu iangaliwe kwa hadubini. Ikiwa ni vivax, inahitajika dawa ya kusafisha ini, primakwini, ambayo huharibu damu ya mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Pima G6PD kwanza, na usiinunue dukani kwa kubahatisha. Ukifika kituoni, taja uliugua lini, ulisafiri wapi na ulimeza dawa gani.