Kabla hujaenda kusomea mipango miji ng'ambo, uliza kwanza fildi yao iko aje

Kila mwaka ikifika msimu wa kutuma maombi ya skolashipu, vijana wa huku Kisumu na wengine wa Nakuru wanaanza kunipigia simu wakiniuliza ni chuo gani kizuri cha kufanyia masta ya mipango miji, na mimi huwarudishia swali: hiyo kozi ina fildi, yaani kazi ya utafiti mitaani kwa watu, ya wiki ngapi, mnaenda wapi, na nani anawafungulia mlango mkifika? Wengi hawajui. Wanajua chuo ni nambari ngapi duniani, wanajua hosteli ni pesa ngapi, hata baridi ya Januari wameshaisoma, lakini hilo swali hawajauliza, na kwa vile nimeona mimi ndilo lingefaa kutangulia mengine yote.

Mimi nilipitia SPRING, programu ya masta ya mipango ya chuo kikuu cha TU Dortmund huko Ujerumani ambayo imekuwako tangu 1984. Mwaka wa kwanza mnakaa Dortmund, wa pili unaenda kwa chuo mshirika, na kwa hiyo orodha kulikuwa na KNUST ya Kumasi, Ghana, Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam, na vyuo vya Ufilipino na Chile. Nikachagua Dar. Nilijiambia hapo sitasumbuka, juu Kiswahili ninacho, na mitaa ya mabanda mimi nimezaliwa ndani yake, Nyalenda B hapa Kisumu, nimekanyaga ule udongo mweusi wa kunata viatuni tangu nikiwa mtoto na mto Auji ukifurika tulikuwa tunapandisha godoro juu ya meza. Nikaona kwenda fildi ni kama kurudi nyumbani. Haikuwa hivyo, na karibu kila kitu nitakachokwambia hapa kinatoka kwa hilo kosa.

Tuanze na lugha. Siku ya kwanza pale Hananasif, Kinondoni, nilijitambulisha kwa bibi mmoja kwamba mimi ni mpangaji kutoka Kenya, akanijibu kwa upole sana kwamba vyumba vyake vimejaa. Mpangaji ni mtu aliyekodi chumba, hata kwetu ni hivyo tukitoka darasani, na mtu wa kazi yetu kule anaitwa afisa mipango miji. Hilo lilipita. Kilichonigharimu ni hojaji, wao huita dodoso, ambayo nilikuwa nimeiandika nikiwa bado Ujerumani nikaona iko sawa, na swali la kwanza la pesa lilikuwa unalipa kodi ngapi kwa mwezi. Sasa kodi ni ya nyumba na kodi ni ya serikali pia, kwa hivyo ukiingia kwa mtu ukiwa mgeni, umeshika karatasi, lafudhi yako si ya pale, halafu unataja kodi, unaona kabisa uso unafunga. Na hiyo ya kwa mwezi nayo, huku kwetu ikifika tarehe tano keateka, msimamizi wa nyumba, yuko mlangoni, lakini kule wengi wanalipia miezi sita kwa mpigo ama mwaka mzima, kwa hivyo mtu anaanza kugawanya kichwani ama anakupa tu namba yoyote ndio uende zako. Nilikuwa na majibu 40 ya aina hiyo na yote nikayaweka kando. Usiku tukakaa na wenzetu wa Ardhi tukaandika upya, na badala ya kodi tukaweka pango, neno lao la kodi ya nyumba: mara ya mwisho kulipa pango ulitoa kiasi gani, na kilikuwa cha miezi mingapi. Kesho yake watu wakaanza kuongea.

Kwa hivyo kama kozi inakutaka umalize hojaji kabla hujakanyaga mahali, na haijaweka siku za kuijaribu na kuivunja, hiyo ni alama mbaya. Uliza kuhusu hizo siku. Siku tatu nne za kujaribu zinaokoa mwezi.

Na salamu, tafadhali. Sisi wa bara huku Kenya tumezoea kuingia na "habari" halafu kazi inaanza. Dar ukimkuta mtu mzima ni shikamoo, unasubiri marahaba, unauliza za tangu asubuhi, unakaribishwa, ndio unasema shida yako. Usiseme nataka kukuuliza maswali, sema naomba. Neno dogo lakini niliona mwenzangu mmoja, Mkenya kama mimi, akifungiwa mlango nyumba tatu mfululizo juu ya hiyo "nataka" na alikuwa mtu mzuri tu, hakumaanisha ubaya wowote.

Lakini lugha unaweza kuirekebisha kwa wiki moja. Kuelewa umiliki wa ardhi ndiko kunachukua muda. Nilikuwa nimebeba Nyalenda kichwani nikaenda kuitafuta Dar na haipo. Nyalenda na jirani yake Manyatta zilikuwa ardhi za familia, mashamba na boma za watu, mpaka wa mji ukaja kuzimeza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hivyo hadi leo unapata mwenye ploti ni mjukuu wa mwenye shamba, ana hati yake, amejenga vyumba kwa mstari na anakaa hapo hapo na wapangaji wake. Ukitaka kupitisha barabara ama mtaro lazima uongee na yeye juu ni mali yake. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sheria ya 1999 inasema hivyo, na mtu anamiliki haki ya kuitumia, na kwenye makazi yasiyopangwa kuna huu mpango wao wa urasimishaji wa kupima na kumilikisha watu pale pale walipo. Na usidhani ni masikini peke yao wanaishi humo, unakuta nyumba ya tofali ya mwalimu mstaafu, mbele yake genge la kuuzia mboga, nyuma yake chumba cha kijana wa bodaboda. Neno mabanda lenyewe nililiacha baada ya mzee mmoja kuniuliza banda liko wapi hapa. Alikuwa na haki.

Kitu kingine, mtaa kwetu ni sehemu tu watu wanaishi, kwao ni serikali, una mwenyekiti wa kuchaguliwa na ofisi na muhuri. Barua yako inatoka chuo inapita juu, inashuka kata, inashuka mtaa, halafu mjumbe, kiongozi mdogo wa mtaa, ndiye anatembea na wewe. Ukiruka hatua moja kazi inalala. Chuo mwenyeji ambacho kimefanya kazi hapo miaka mingi kinajua njia hii na ndiyo maana nasema uliza nani anafungua mlango. Hananasif wakazi wenyewe walishiriki kujenga mitaro ya maji ya mvua miaka ya 1990, na 2015 wanafunzi wa Dar walitembea na wenyeji kuchora mitaa inayofurika kwa ule mradi wa Ramani Huria, kwa hivyo ukiingia bila kujua hayo utauliza watu vitu ambavyo walishafanya na mikono yao.

Mwaka wa Dortmund sitauongelea sana isipokuwa kitu kimoja. Walitupeleka kuona mto Emscher. Kwa zaidi ya miaka mia huo mto ulikuwa mtaro wa wazi wa maji taka, ya viwanda na ya vyoo, kwa sababu migodi ya makaa ilikuwa inatitisha ardhi na mabomba ya chini yangevunjika. Walianza kuurekebisha 1992, maji taka yakaondolewa kabisa mwishoni mwa 2021, na gharama imepita euro bilioni 5. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikifikiria Auji. Maisha yangu yote nimesikia mto mchafu ni tabia za watu wa Nyalenda, kumbe ni bomba, ni pesa, na ni ofisi moja inayoshikilia mto mzima toka unapoanza hadi unapoishia, na inashikilia kwa miaka 30 bila kuachilia. Hapo hapo karibu kuna ziwa la Phoenix limechimbwa mahali palikuwa kiwanda cha chuma, ni pazuri, na nyumba zilizolizunguka ni za wenye pesa. Mtu wa Kisumu anayeangalia vile ufuo wetu wa Ziwa Victoria unaongelewa siku hizi anaelewa mara moja kwa nini nilipiga picha nyingi pale. Kwa hivyo uliza pia kama kozi itakutembeza kwa mji wao wenyewe. Kozi inayofanya fildi Afrika peke yake na nyumbani kwao mnakaa darasani tu, mimi siiamini, inakufundisha kwamba shida ni za watu fulani.

Pesa na makaratasi, haraka haraka. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo ila kuna ada ndogo ya kila muhula, na kama huna mfadhili utatakiwa kuweka pesa za kujikimu za mwaka kwenye akaunti iliyofungiwa, unayotoa kidogo kidogo kila mwezi, na mwaka 2025 zilikuwa euro 11,904, ambazo wengi wetu hatuna na usiuze shamba la mtu kwa ajili hiyo. DAAD, shirika la Ujerumani la skolashipu, wana mfuko wa EPOS kwa kozi za aina hii, wanataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya digrii na digrii yako isiwe imepita miaka 6. Hiyo miaka miwili ifanye mahali unaona watu, ofisi ya mipango ya kaunti, shirika la maji, kampuni ya upimaji, popote. Barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu aliyekuona ukisuluhisha mgogoro wa mpaka ina uzito kuliko ya profesa ambaye hakukumbuki. Jifunze QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, kabla ya kwenda, ni ya bure, na ujaribu kuchora mtaa wenu kwa OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Uliza pia kwa maandishi kama skolashipu inalipia fildi yenyewe, nauli, vibali, mtafsiri, juu kuna kozi hizo gharama zinakurudia wewe na unajua ukiwa umeshafika.

Na weka pesa ya kurudisha matokeo. Hii ndiyo naiombea kila mtu anayenipigia. Nikiwa mdogo watu wa hojaji walikuwa wanakuja kwetu karibu kila likizo, wamevaa vitambulisho shingoni, wanamkuta Mama akianika omena, wanamuuliza mnalala wangapi, choo mnatumia cha nani, maji mtungi ni ngapi. Anawajibu wote. Anawapa stuli. Nilipomwambia naenda kusomea hiyo kazi hakuniuliza mshahara, aliniuliza, "Nyathina (mtoto wangu), na hao watu walifika na yale majibu wapi?" Sikuwa na la kumwambia.

Basi Dar tulikubaliana kama kikundi, hatuondoki bila kurudi. Tuliprinti ramani moja kubwa kabisa, na tukabakisha siku mbili za mwisho tukiwa bado hatujafunga mabegi. Tuliibandika ukutani ofisi ya mtaa, watu wakaja, mama ntilie, vijana wa kijiweni, yule bibi wa vyumba. Mjumbe akaitazama muda mrefu bila kusema kitu halafu akaomba kalamu, akasema huu mtaro mmeuchora maji yanapanda juu, wakati yanashuka huku, yanaingia kwa huyu na kwa yule ndio yanafika bondeni. Wiki nzima tulikuwa tumepita juu ya huo mtaro. Tukarekebisha pale pale, akaonyesha na mwingine ambao hatukuwa nao kabisa, akaandika majina ya nyumba zinazoingia maji kwanza. Ramani iliyobaki kwa ile ofisi ni hiyo yenye wino wake, na ndiyo hiyo hiyo nilipiga picha nikaiweka ndani ya tasnifu.