Asidi ya alfa-lipoiki na neva za mwenye kisukari

Ndugu, umeuliza kama vidonge vya asidi ya alfa-lipoiki, kirutubisho cha nyongeza, vitamponya mama yako, mwenye kisukari, ganzi na nyayo zinazowaka moto usiku hata shuka likimgusa anashtuka. Ushahidi upo, lakini ni mdogo kuliko maneno yaliyoandikwa kwenye chupa.

Utafiti wa ALADIN, uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba miligramu 600 kwa siku zilizotiwa kwa dripu kwa wiki 3 zilipunguza maumivu na kuwaka moto, na ule wa SYDNEY 2 wa mwaka 2006 ukapata nafuu kama hiyo kwa vidonge katika wiki 5, ingawa waliopewa dozi kubwa zaidi walisumbuliwa sana na kichefuchefu. Tatizo ni kwamba wiki 5 ni muda mfupi mno kwa ugonjwa wa miaka. Utafiti mwingine, NATHAN 1, uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 4, haukufikia lengo lake kuu, na mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yalihitimisha kwamba baada ya miezi 6 dawa hii huenda ina faida ndogo au haina kabisa.

Kama mama anatumia metformini, dawa ya kushusha sukari ambayo wengi wanaitumia, mwombe daktari ampime vitamini B12 kabla hamjanunua chochote, kwa sababu dawa hiyo ikitumika muda mrefu huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake huleta ganzi ileile.