Subaru au Evo? Kwa mdogo wangu unayeanza rali Arusha

Mdogo wangu, swali lako nimeulizwa mara nyingi mno. Siku hizi fundi wangu pale Unga Limited akiona kijana anashuka kwenye bodaboda na picha ya gari imefunguliwa kwenye simu, anaanza kucheka hata salamu haijatoka. "Kaka, nichukue Subaru au Evo?" Na mimi huuliza: fundi wako nani, na saa sita usiku anapokea simu?

Sikukwepi. Nilikaa kiti cha msoma ramani misimu mitatu kwenye Subaru Impreza ya rafiki, halafu nikanunua Mitsubishi Lancer Evolution VIII, ndiyo hiyo Evo, yangu mwenyewe, nikaiendesha mpaka ikanishinda mfukoni, nikaiuza. Leo nina Impreza WRX STI, ile kali zaidi, ya mwaka 2003. Magari haya nimeyapenda yote mawili, na yote mawili yameniliza.

Ubishi wa kijiweni kuhusu lipi lina mbio zaidi uache huko huko kijiweni. Safari Rally ya Kenya ilishaujibu zamani. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen aliichukua kwa Lancer. 1997 Colin McRae akaichukua kwa Impreza. 1998 Richard Burns akashinda na Mitsubishi, ile Carisma GT (Evo kwa jina jingine), kisha mwaka 2000 Burns huyo huyo akashinda tena, safari hii akiwa Subaru. 2001 akarudi Mäkinen na Lancer. Ni vumbi lile lile na mawe yale yale, na hakuna aliyemfunga mwenzake moja kwa moja. Hata makaratasi hayasaidii: kwa miaka mingi watengenezaji wa Japan walikubaliana wasitangaze zaidi ya farasi 280, ndiyo maana matangazo ya Evo na STI nyingi za Japan yanasoma 280. Injini mbili tofauti kabisa, namba moja.

Kinachoyatofautisha ni namna yanavyokufa. Hapo ndipo nataka uweke akili.

Evo kuanzia ya kwanza mpaka ya IX ina injini ya 4G63, lita 2.0, bloku ya chuma cha kusubu, imekaa kwa upana chini ya boneti. Ni injini ngumu. Ukiongeza upepo wa turbo inavumilia, na fundi yeyote aliyezoea injini za silinda nne zilizosimama wima anaifungua bila kuogopa. Kuanzia Evo X walibadilisha, wakaweka 4B11 ya aluminiamu yenye cheni badala ya mkanda, lakini gari hilo bei yake si ya mtu anayeanza, kwa hiyo tulipite.

Ubaya wa 4G63 umejificha kwenye mikanda, kwa sababu iko miwili. Kuna wa taimingi ambao kila mtu anaujua, na kuna mwingine mdogo nyuma yake unaozungusha shafti moja ya kupunguza mtetemo. Huo mdogo ukikatika, vipande vyake vinaingia kwenye mkubwa, mkubwa unaruka meno, valvu zinagongana na pistoni. Ukinunua Evo ya mtumba na muuzaji akakwambia "mkanda umebadilishwa juzi", muulize: upi? Akibabaika, hesabu mikanda yote miwili, roli na tenshena zake kwenye bei yako kabla hujatoa hela.

La pili ni difu ya nyuma. Evo nyingi zina mfumo unaoitwa AYC, unaopeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu moja la nyuma ili gari likunje kona haraka. Ukiwa barabarani unaona raha ya ajabu: unaingiza pua, gari lenyewe linamalizia. Lakini mfumo huo unaendeshwa na pampu yenye haidroliki na umeme wake, na pampu ikifa, taa inawaka kwenye dashibodi na raha imekwisha. Yangu ilikufa. Fundi wa kwanza niliyempelekea alibadilisha sensa mbili ambazo hazikuwa na tatizo lolote, akanidai na hela ya kazi. Ndiyo maana watu wa rali huitafuta Evo ya RS, ambayo haina AYC, ina difu ya kawaida ya pleti, haina hata mbwembwe za ndani. Ukikutana na RS safi, usiringe.

Halafu kuna kisa cha rimu, ambacho nakisimulia kwa aibu. Niliharibu rimu mbili kwenye mawe ya njia ya Monduli. Evo yangu ilikuwa na nati tano, zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, sawa kabisa na Toyota nyingi zilizojaa mjini. Nikajiona mjanja. Nikanunua rimu nne za Toyota, nikazipakia kwenye kirikuu mpaka nyumbani Njiro, nikapiga jeki. Matundu ya nati yalikaa vizuri, lakini rimu haikuingia mpaka ndani. Ilibaki imening'inia kama kofia ya mtoto kichwani kwa mtu mzima. Tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1, kitovu cha Evo ni 67.1. Milimita saba tu. Nilimaliza Jumamosi yangu kwa mchonga vyuma, nikilipia kuchonga rimu ambazo ningeweza kuzipima kwa rula kabla ya kununua.

Subaru nayo ina tabia zake. EJ20 ni injini ya kulala: silinda mbili kulia, mbili kushoto, uzito uko chini, na mfumo wa kuendesha magurudumu manne umenyooka kutoka mbele mpaka nyuma. Gari linatulia kwenye mchanga na kokoto zilizolegea. Kwenye kuingia kona kali linabisha kidogo, pua inataka kwenda mbele, inabidi ulifundishe kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Mshale wa geji ya turbo ukipanda unasikia ule mngurumo wake, basi unasamehe.

Ila Subaru haisamehi oili. Likariri hili kama namba yako ya simu. Injini ya kulala ikipungukiwa oili, kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Kuna pia lile bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), linalojulikana kwa kupasuka kwenye maungio. Beringi zinakauka, injini inanoki, yaani inaanza kugonga ndani. Kwenye Impreza ya rafiki yangu tulianza asubuhi Kisongo na stiki ya oili inaonyesha chini kidogo ya nusu. Nilimwambia, akasema tutaongeza saa ya mapumziko. Hatukufika mapumziko. Nilisikia tok-tok-tok kupitia sakafu kabla sijaisikia masikioni. Miguu ndiyo iliyonipa habari. Tulikaa kivulini chini ya mgunga mpaka jioni tukisubiri gari la kuvuta, na wachungaji wa Kimaasai wawili wakatuuliza kwa upole mbona gari zima kabisa haliendi.

Kuna jambo la toleo pia. Impreza WRX ya kawaida ina gia boksi ya gia tano ambayo ni dhaifu kwa fujo za rali. Ya STI ya gia sita, kuanzia miaka ya 2001, ni ngumu kweli. Na ukiona STI ya lita 2.5 iliyotengenezewa masoko ya nje, usidhani ukubwa ni neema: pistoni zake zinajulikana kwa kuvunjika kwenye kuta za ringi, hasa mafuta yakiwa hafifu au mtu akiwa ameongeza upepo kwa pupa. Mimi ningebaki na 2.0.

Hapo naingiza suala la kwetu. Magari haya kutoka Japan yalipangwa kunywa petroli yao ya oktani 100, ya daraja la juu kuliko ya kwetu. Tena Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, turbo inazunguka zaidi ili ifikishe upepo ule ule, na hewa inatoka ya moto zaidi. Gari lililosetiwa kontrol boksi (kompyuta ya injini) Dar es Salaam likapandishwa huku likipigwa mbio kwenye jua la Monduli, halafu likateremshwa mashamba ya miwa kule Moshi wiki inayofuata, linahitaji mtu anayejua anachofanya na kompyuta. Asiyejua atakuongezea farasi thelathini na kukupunguzia injini moja. Intakula (kipoza hewa ya turbo) ya Subaru iko juu ya injini, inapata joto mkiwa mmesimama. Ya Evo iko mbele kabisa, inapata hewa nzuri na inapata mawe pia, kwa hiyo weka wavu wa chuma mapema.

Ushindi wa Subaru kwa hapa kwetu uko mitaani. Simama dakika kumi mnara wa saa uhesabu Forester, Legacy na Impreza zinazopita. Injini zao ni ukoo mmoja. Roli ya mkanda, pampu ya maji, beringi ya gurudumu, vyote nimeshavipata Jumapili, kimoja kutoka kwa dereva wa watalii aliyekuwa na Forester imelala uani. Kwa Evo niliwahi kusubiri kifaa wiki tano huku mashindano yakipita mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo ukiniuliza lipi tamu, nitakwambia Evo na sitapepesa macho. Ukiniuliza ununue lipi, nitakwambia Impreza, na ya kwanza iwe hata isiyo na turbo. Najua hutaki kusikia. Lakini kabla ya gari kuna kizimba cha vyuma ndani, viti, kofia ngumu, na mikanda ya kiti ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) ambayo mwaka wake wa mwisho umeandikwa kwenye lebo iliyoshonwa; wengi wananunua ya mtumba bila kuisoma, wanarudishwa kwenye ukaguzi. Gari lililopita miaka minane linaongezewa ushuru likiingia nchini, na haya yote yamepita. Bajeti ikiishia kwenye kununua gari tu, hutakuwa na tairi za pili.

Mwaka juzi dogo mmoja wa Sakina alinisikiliza. Alichukua Impreza ya lita 2.0 isiyo na turbo, akaifunga kizimba, akabaki na akiba ya tairi sita na madumu mawili ya oili. Kwenye mashindano yake ya kwanza ya klabu alimaliza wa mwisho, Evo mbili na STI moja zikiwa zimepakiwa kwenye kerea. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa gereji, ameshika stiki ya oili juani, anaisoma.