Mipira ya simuleta ya gofu ya nyumbani: usianze na ya kuokota

Ndugu yangu wa Calgary, swali lako humu jukwaani kuhusu mipira ya simuleta ya gofu nimelisoma mara mbili, maana ndilo nililokuwa nalo mimi miaka mitatu iliyopita. Umefunga skrini kwenye gereji, mashine yako ya kuupima mpira na kuchora safari yake kwenye skrini ni ya rada, baridi inabisha hodi, na unauliza ununue mipira gani: dazeni za bei ghali, mfuko wa mipira mia ya kuokota ziwani, au ya sponji ili usivunje kitu. Mwenzetu mmoja kakujibu kwamba mpira ni mpira. Kiwanjani, kwa sisi tusiochezea pesa, neno lake linaweza kupita. Ndani ya nyumba halipiti, na mimi nililijua hilo baada ya kutoboa skrini.

Nieleze kwanza nilikotoka, ndipo utajua kwa nini nilikosea. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Mjomba wangu alikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, pale kiwanja cha gofu kando ya bahari, Mama Ngina Drive. Kile kiwanja kiko juu ya mwamba, na mchezaji akikosea kidogo mpira unaishia majini. Maji yakipwa sisi watoto tulikuwa tunashuka kwenye mawe kuitafuta. Tuliisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikang'aa, mjomba akaichambua, akawauzia wachezaji kwa bei ya chini. Nimekua nikiamini kwamba mpira wa gofu ukishaoshwa umekuwa mpya. Gofu yangu yote ya ujana nimeicheza na mipira ya bahari, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Sasa niko Minnesota, zamu za usiku hospitalini. Huku kiwanja kinafungwa karibu Novemba, na mpaka Aprili hupigi mpira nje. Nilipofunga simuleta yangu, jambo la kwanza nililofanya ni kununua mfuko wa mipira mia iliyookotwa ziwani. Bei ilikuwa nzuri, na ndani mlikuwa na kila aina: Titleist, Callaway, Srixon, mingine ya uwanja wa mazoezi yenye mistari, mingine imefutika jina. Nikaimwaga kwenye ndoo, nikawasha hita, nikaanza kupiga.

Namba zikawa za ajabu. Fimbo namba 7, mkono uleule, asubuhi ileile: mpira mmoja mzunguko wa 4,100 kwa dakika, unaofuata 7,800, unaofuata mashine inakataa kabisa kusoma. Umbali ukawa unaruka yadi 20 huku na huku. Wiki tatu nzima nikaanza kuirekebisha swingi yangu, yaani ninavyoizungusha fimbo, nikabadilisha mshiko, nikasogeza miguu. Swingi haikuwa na kosa hilo. Nilikuwa najitibu ugonjwa ambao sinao, na mpaka leo wiki zile zinaniuma kuliko pesa ya skrini.

Hebu tuangalie rada inafanya nini, kwa kuwa mashine yako ni ya rada. Nje, rada inaufuata mpira angani safari yote, inaona unavyopinda na unavyoshuka, na kutokana na hapo inajua ulikuwa unazunguka vipi. Ndani ya gereji una mita tatu, labda tatu na nusu, kutoka kwenye zulia hadi kwenye skrini. Mpira wa fimbo namba 7 unaondoka kwa kasi ya kama mita 50 kwa sekunde. Piga hesabu: safari nzima inaisha chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mpira unaozunguka mara 7,000 kwa dakika utakuwa umegeuka kama mara saba hivi kabla haujagonga skrini. Wa draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, unaozunguka mara 2,500, utakuwa umegeuka mara mbili tu. Na mpira wenyewe ni mweupe, laini, sawa pande zote. Rada ishike nini hapo?

Ndiyo sababu ya vile vistika vidogo vya rangi ya fedha ambavyo huja na mashine kama Mevo+ ya FlightScope. Unabandika kimoja kwenye mpira, na kila mpira unapogeuka kile kipande cha metali kinairudishia rada mwangwi wa nguvu zaidi, basi mashine inahesabu mizunguko badala ya kukisia. Vinafanya kazi, mimi navitumia bado. Kero yake ni kwamba vinabanduka. Fimbo ikikipata chenyewe, pigo moja tu kimekwenda, na ukianza kupiga weji, fimbo ya mapigo mafupi ya kunyanyua mpira, utakuwa kila baada ya muda mfupi unainama kubandika. Kisichobanduka vizuri kinaacha gundi, gundi inashika vumbi la zulia, vumbi linahamia kwenye skrini. Nunua karatasi kadhaa za akiba, na mpira ufute kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kubandika.

Njia ya pili ni mipira iliyotiwa alama hiyo kiwandani. Titleist walitoa mwaka 2022 aina wanayoiita RCT, ya mipira yao ya bei ghali Pro V1 na Pro V1x, ambayo alama ya kuisaidia rada imo chini ya gamba, kwa nje huioni. Inapigika kama Pro V1 ya kawaida. Ni ghali, zaidi ya dola 50 za Kimarekani kwa dazeni, na mtu akisikia hivyo anashtuka. Lakini fikiri: ndani ya nyumba mpira haupotei. Hakuna ziwa, hakuna nyasi ndefu, hakuna bahari ya Mama Ngina. Dazeni moja ndiyo hiyo msimu mzima. Mimi napiga mara nne kwa wiki na msimu uliopita nilimaliza na mipira minane mizima. Kiwanjani mchezaji wa kiwango changu anaipoteza minne kwa raundi moja.

Wenye mashine za kamera hali yao ni nyingine, nalisema kwa sababu utasoma ushauri wao humu jukwaani na utachanganyikiwa. Kamera haihitaji metali. Inapiga picha kadhaa mpira unapoondoka, inalinganisha vishimo au alama zimesogea kiasi gani. Kwa hiyo inataka mpira mweupe, msafi, ambao uso wake unasomeka. Baadhi zinataka alama maalumu: QED ya Uneekor, ile inayofungwa darini, ilikuwa inategemea mipira yenye alama zake, wakati EYE XO ya kampuni hiyohiyo inasoma vishimo vyenyewe. Na ile Rapsodo MLM2PRO, ukitaka ikupimie mzunguko kweli badala ya kuukadiria, inataka mipira iliyochapwa alama ya RPT. Kwa hiyo mtu akikwambia "chukua huu, mimi unanifaa", muulize kwanza mashine yake ni ipi.

Turudi kwenye skrini, maana huko ndiko hasara ilikonikuta.

Mipira ya kuokota ina makovu. Mingine imegonga njia ya lami, mingine jiwe, na gamba limenyanyuka vipande vidogo vikali kama magamba ya samaki. Ukiupiga mpira wa hivyo kwa kasi ya draiva, vile vipande ni vijisu. Lakini skrini yangu haikutobolewa na draiva. Ilimalizwa na weji. Weji inautia mpira mzunguko mkubwa sana, mara 9,000 au zaidi kwa mpigaji mzuri, na mpira ukigusa kitambaa haudundi tu, unakikwangua kabla ya kuanguka. Mahali pamoja, juu kidogo ya katikati, mamia kwa mamia ya mapigo. Kitambaa kikaanza kutoa manyoya, kisha nyuzi, kisha siku moja ya Februari nikaona ukuta nyuma yake. Nilikuwa nimepiga miezi miwili na nusu tu.

Na wino. Ile mistari ya uwanja wa mazoezi, nembo za makampuni, na herufi watu wanazojiandikia kwa kalamu nzito, vyote vinajichapa kwenye kitambaa cheupe. Picha ya kiwanja ikiwaka unaiona nukta nyeusi angani kama kunguru. Usiuandike mpira wako wa ndani kwa kalamu yoyote.

Hapo ndipo aina ya gamba inapokuja. Mipira ya bei ghali ina gamba la yurethani, laini, linaloshika mifereji ya weji ndiyo maana mpira unasimama kwenye grini, pale penye shimo. Mipira ya bei nafuu mingi ina gamba la ayonoma, wengi wanalijua kwa jina la Surlyn, gumu na telezi zaidi. Yurethani ikikwanguliwa na weji mpya hutoka unyoya mapema. Ayonoma huvumilia. Kwa hiyo mimi nimegawa: mipira ya yurethani yenye alama ni ya siku za kupima, ninapotaka kujua yadi zangu kwa kila fimbo au ninapocheza mashimo 18 na shemeji yangu. Siku za kujifua tu, kurudia mwendo mmoja mara themanini, natumia mipira mipya ya vipande viwili ya bei nafuu, yenye stika. Mzunguko wake kwa weji huwa chini kuliko nitakaoupata kiwanjani, najua, siuamini, natazama mwelekeo na kasi tu.

Hilo naona linasahauliwa sana. Kama kiwanjani unacheza Pro V1 halafu gereji unapigia mpira mgumu wa vipande viwili, aprili utaingia kiwanjani na umbali usio wako. Mashine inapima mpira ulioupiga, haijui utakaoupiga baadaye. TrackMan, wenye mashine za bei kubwa, wana sehemu ya kurekebisha hesabu kwa mipira ya mazoezi, lakini mashine za bei yetu sisi nyingi hazina huruma hiyo. Pima kwa mpira unaoucheza.

Sponji? Waachie watoto. Wangu wanaipiga na sifungi hata skrini. Sheria za USGA na R&A, wasimamizi wa gofu duniani, zinaruhusu mpira usiozidi gramu 45.93 na kipenyo kisichopungua milimita 42.67, na programu ya simuleta inarusha mpira wa namna hiyo. Wa sponji ni mwepesi mno. Hauondoki kwenye fimbo kwa kasi ileile, hauzunguki vilevile, na mashine ikipata namba zake inakuchorea safari ya mpira ambao hukuupiga. Kama hofu yako ni kuvunja kitu au mpira kukurudia usoni, dawa si sponji, dawa iko kwenye skrini: iache ilegee kidogo, isikazwe kama ngoma, iwe na nafasi ya kama sentimita 30 kabla ya ukuta, na wewe usimame mita tatu au zaidi kutoka kwayo. Mimi niliikaza sana mwanzoni, mpira wa draiva ukanirudia kwenye goti.

Na wewe wa Calgary nikuambie la baridi. Mpira wa baridi ni mgumu na mzembe, hautoki kwa kasi. Nilikuwa naacha ndoo gerejini usiku, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi nawasha hita nusu saa naingia. Hewa imepata joto, kiini cha mpira bado ni jiwe. Mipira ya mwanzo ilikuwa inapungua yadi kadhaa, halafu namba zinapanda taratibu, nami nikidhani mwili wangu ndio unachangamka. Sasa mipira inalala jikoni, kwenye bakuli juu ya friji. Mke wangu ameshaizoea.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, wiki hii ningenunua dazeni moja ya RCT, au kama moyo unasita, dazeni moja mpya ya mpira uleule unaocheza kiangazi pamoja na karatasi mbili za stika. Kisha dazeni moja ya bei nafuu ya vipande viwili, mipya, rangi nyeupe, nembo ndogo. Mfuko wa mipira mia wa ziwani usiutupe kama umeshaununua, upeleke kiwanjani mwezi wa tano, kule una kazi. Gerejini weka kitambaa chenye unyevu, na kila mpira upitishe ukucha juu yake kabla ya kuuweka chini. Ukucha ukikwama mahali, mpira huo hauingii tena ndani. Nimefanya hivyo misimu miwili na skrini yangu ya pili haina tundu.

Halafu ukishapasha mwili, piga mipira kumi ya fimbo namba 7 kwa mpira mmoja uleule, uandike mzunguko wa kila pigo, uje uziweke namba hizo hapa. Ikiwa zinatofautiana kwa zaidi ya elfu moja na swingi unaiona iko sawa, tutatazama mashine ulivyoiweka nyuma ya mpira, maana umbali wake na usawa wake nao una mambo, na hayo nitakueleza nikiona namba.