PSA ya mzee imeshuka baada ya kuanza dawa: je, tuishie hapo?

Swali

Habari za kazi, daktari. Mimi naishi Arusha, wazazi wako Machame. Baba ana miaka 71, hana kisukari wala presha, na kihamba chake, shamba la nyumbani, bado anakihudumia mwenyewe. Desemba iliyopita tulipokwenda nyumbani tulimpeleka Moshi kwenye upimaji wa bure, PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ikasoma 9.4. Daktari aliyemwona baadaye alimpiga ultrasaundi, akasema tezi imekua, akamwandikia tamsulosini na finasteraidi. Sasa mkojo unatoka vizuri, usiku anaamka mara moja badala ya mara nne. Mwezi huu wa Agosti nimempima tena huku Arusha, imetoka 6.1. Mhudumu wa maabara amesema kwa umri wake hiyo ni kawaida kwa sababu mwisho ni 6.5. Nyumbani wamefurahi, na baba anasema hataki tena kusikia habari za kuchukuliwa kinyama, yaani kipande cha tezi kwa sindano ili kipimwe saratani. Wasiwasi wangu ni kwamba kaka yake, baba yetu mkubwa, aliumwa mgongo muda mrefu na alipofariki tukaambiwa ni tezi dume iliyoingia kwenye mifupa. Je, tuishie hapa? Na mimi mwenye miaka 47 nianze lini kupima?

Jibu

Ndugu yangu, msiishie hapo. Kwa mtu anayemeza finasteraidi kwa miezi minane, PSA ya 6.1 haisomwi kama 6.1. Inasomwa karibu na 12. Kwa hiyo huenda PSA ya baba haijashuka kabisa, na inawezekana imepanda.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo chake huvujia kwenye damu. Tezi ikiwa na saratani huvujisha zaidi, lakini huvujisha zaidi pia ikiwa imekua kwa ajili ya umri tu, au ikiwa na maambukizi. Finasteraidi, na ndugu yake dutasteraidi, huzuia mwili kuibadili homoni ya kiume kuwa ile aina kali inayoikuza tezi. Tezi inasinyaa taratibu, na uzalishaji wa PSA unapungua. Baada ya miezi 6 hadi 12 PSA ya mtumiaji hushuka kwa takriban nusu. Inashuka hivyo hata kwa mzee asiye na tatizo lolote, na inaweza kushuka kwa mwenye saratani pia. Ndiyo maana tunapopata majibu ya mgonjwa aliye kwenye dawa hii tunazidisha mara mbili kabla ya kuyasoma. Tamsulosini yenyewe hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi ili mkojo upite. Haiigusi PSA.

Sasa tuchukue namba za baba. Alianza na 9.4. Kama hakuna kinachoendelea zaidi ya tezi kukua, tungetarajia aje na kama 4.7, pengine chini ya hapo. Amekuja na 6.1, ambayo ni pungufu ya theluthi moja tu na kidogo. Hilo peke yake si uthibitisho wa saratani, na nisingependa mtu yeyote nyumbani aambiwe hivyo. Wapo ambao dawa huwachukua mwaka mzima kufika kwenye nusu. Halafu mmepima maabara mbili, na mashine za makampuni tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile. Lakini ni sababu ya kutosha ya kuendelea kuchunguza, hasa kwa mtu ambaye kaka yake wa damu alifariki kwa ugonjwa huo.

Kuhusu ile 6.5: mhudumu hakuibuni. Kuna viwango vinavyozingatia umri, na kwa wanaume wa miaka 70 hadi 79 kikomo kinachotajwa mara nyingi ni 6.5, wakati karatasi nyingi za majibu huchapisha 0 hadi 4 kwa wote. Shida ni kwamba viwango vyote hivyo vilipatikana kwa wanaume wasiotumia dawa hii. Mhudumu aliona umri kwenye fomu, hakuona boksi la vidonge lililo kabatini Machame. Hili naliona mara kwa mara hapa Moshi: mzee anapimwa na watoto wanaofanya kazi mjini, dawa ameandikiwa na daktari mwingine, na hakuna anayeunganisha. Kila mnapompima baba PSA kuanzia leo, andikeni kwenye fomu jina la dawa na mwezi aliouanza. Na msimwachishe ili kupata "PSA ya kweli". Hakuna haja, kwani kuzidisha mara mbili kunatosha, na anaweza kurudi kwenye shida ya mkojo, hata kuzibwa kabisa.

Nina swali moja kuhusu ile 9.4 ya mwanzo. Je, siku zile alikuwa na maumivu au moto wakati wa kukojoa, homa, au aliwahi kuwekewa mpira wa mkojo? Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuipandisha PSA sana, na ikishapanda inachukua wiki 6 hadi 8 baada ya matibabu kutulia. Tendo la ndoa ndani ya siku mbili kabla ya kutoa damu nalo huipandisha kidogo, na safari ndefu ya baiskeli vilevile. Wazee wengi hawaulizwi haya kwenye upimaji wa bure kwa sababu foleni ni ndefu, wala siwalaumu wanaopima. Kama baba alikuwa na maambukizi wakati ule, basi 9.4 haikuwa mwanzo halali wa kulinganisha, na hesabu yangu inalegea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndogo na haina kisu. Apimwe mkojo. Ukiwa safi, arudie PSA wiki chache zijazo, akiwa anaendelea na dawa, katika maabara ambayo mtabaki nayo siku zote. Waombeni wapime pia ile sehemu ya PSA inayoelea huru kwenye damu, kwa sababu asilimia yake husaidia: ikiwa chini ya 10 katika mia, shaka ya saratani inaongezeka, ikizidi 25, inapungua sana. Baada ya hapo mpelekeni kliniki ya mkojo. Mko karibu na KCMC, hospitali ya rufaa iliyopo Moshi, ambako madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wanafanya kazi na wanafundishwa, kwa hiyo hamhitaji kumsafirisha mbali.

Kliniki watataka kumpima kwa kidole, na hapo ndipo wazee wetu wengi wanageukia mlangoni. Mwambie baba ukweli wa kipimo chenyewe. Atalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Daktari atavaa glovu, ataweka jeli, na kwa muda usiofika dakika moja atagusa sehemu ya nyuma ya tezi kupitia njia ya haja kubwa. Anachotafuta ni ugumu. Minya nyama iliyo chini ya kidole gumba chako: tezi ya kawaida ina ulaini wa namna hiyo. Kisha bonyeza fundo la kidole: sehemu yenye ugumu huo inatutia shaka. Hakuna mashine ya damu inayotoa taarifa hiyo. Kama mzee anataka daktari wa kiume, au anataka wewe ubaki nje, aseme tu. Nimeona wazee wakikubali kipimo hiki kwa utulivu pale mtoto wao alipoeleza kwa heshima nyumbani, kabla ya kufika mbele ya watu.

Akishapimwa, ndipo suala la kinyama litazungumzwa. Kama kuna uwezo wa kupiga picha ya MRI kwanza, nzuri zaidi, maana inaonyesha sehemu yenye shaka na wakati mwingine inamwepusha mtu na sindano. MRI ikikosekana, kinyama bado kinaweza kuchukuliwa kwa kuongozwa na ultrasaundi. Huwa ni vipande vyembamba 10 hadi 12 kutoka pande zote za tezi, kwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache ni ya kawaida, na kwenye manii inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Kitu cha kuogopa ni homa na kutetemeka baada ya kipimo. Hapo mnarudi hospitali usiku huohuo, hamsubiri asubuhi. Kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu, daktari ajue mapema.

Najua pia kinachosemwa mitaani, kwamba saratani ikiguswa na sindano inasambaa. Nimelisikia Moshi, nimelisikia Arusha, na linawaua watu kwa kuwachelewesha. Chanzo chake ni wagonjwa waliofika hospitali ugonjwa ukiwa tayari kwenye mifupa, wakachukuliwa kinyama, kisha wakafariki miezi michache baadaye. Familia ikaiona sindano, haikuona miaka ambayo ugonjwa ulikuwa unatembea kimya. Kwa maelezo yako, baba yenu mkubwa aliumwa mgongo muda mrefu kabla ya mtu kumpima. Sindano haikuhusika na hayo.

Pengine utakuwa umesoma kwamba mzee akishavuka 70 asipimwe PSA. Ni kweli kwamba tangu 2018 jopo la kitaifa la kinga la Marekani linashauri wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue mmoja mmoja baada ya kuzungumza na daktari, na waliofika 70 wasipimwe kwa utaratibu wa kawaida. Sababu ni ya msingi: saratani nyingi za tezi dume hukua polepole, na mzee anaweza kuishi nayo hadi afe kwa jambo lingine, huku matibabu yakiwa yamemwachia mkojo usiozuilika au nguvu za kiume zilizopotea. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume kwa miaka 23 ulionyesha vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 kwa walioitwa kupimwa, kifo kimoja kuepushwa kwa kila wanaume 456 walioitwa. Faida ipo, ila si kubwa kama matangazo ya redio yanavyoiimba. Lakini ushauri ule unahusu mzee asiye na dalili yoyote ya hatari. Baba amekwishavuka hapo. Ana namba isiyoelezeka vizuri, ana kaka aliyefariki, na kwa afya uliyonieleza ana uwezekano mzuri wa kuishi miaka 10 au zaidi. Angekuwa na miaka 86 na moyo unaoshindwa, ningekuambia mwacheni apumzike, mtibuni mkojo tu.

Na hata kinyama kikionyesha saratani, haina maana kwamba ni kisu kesho yake. Mtaalamu wa maabara huipa alama za Gleason, kuanzia 6 kwa ile ya polepole hadi 10 kwa ile kali. Mwenye 6 mara nyingi hafanyiwi kitu zaidi ya kufuatiliwa kwa ukaribu. Huko Uingereza watafiti waliwagawa wanaume wenye saratani isiyotoka nje ya tezi katika makundi ya upasuaji, mionzi na ufuatiliaji. Baada ya miaka 15, takriban 97 katika kila 100 hawakuwa wamefariki kwa saratani hiyo, kundi lolote walilokuwamo. Mwambie baba hilo. Wazee hukataa kipimo kwa kudhani kikijibu vibaya wameshahukumiwa. Zile zenye alama kubwa ndizo zinazotakiwa kukamatwa mapema, kabla hazijatoka kwenye tezi, na kwa hizo kuna upasuaji, mionzi na dawa za kuzuia homoni.

Wakati mnasubiri kliniki, mgongo ukianza kumuuma bila kupoa hata akilala, au miguu ikaanza kufa ganzi au kukosa nguvu, mpelekeni hospitali siku hiyo. Uti wa mgongo ukibanwa, saa zina thamani. Na kama kuna dawa ya chupa anayotumia kando, ya mizizi au ya unga, nendeni nayo kliniki bila kumgombeza. Daktari anahitaji kujua kila kinachoingia mwilini.

Wewe mwenye miaka 47 usisubiri majibu ya baba. Wanaume wenye asili ya Afrika wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu na huupata mapema zaidi, kwa hiyo kuanza kwenye miaka 45 ni busara. Ikithibitika kwa baba, hatari yako itakuwa takriban mara mbili ya mwanaume asiye na historia hiyo. Kwako damu peke yake inatosha kwa kuanzia. Namba ikiwa chini ya 1, kipimo kingine kiwe baada ya mwaka mmoja au miwili. Ikizidi 3, rudia baada ya wiki kadhaa, na ikibaki hapo njoo kliniki. Tunza karatasi ya majibu. Kwa mtu wa umri wako namna namba inavyotembea mwaka hadi mwaka inatueleza mengi kuliko namba ya siku moja. Waambie na kaka zako, kwa kuwa damu ni moja.