Vikeki vya tonge moja kwa Siku ya Wapendanao

Kila ikikaribia tarehe 14 Februari naulizwa swali lile lile: "Dada, nikipika keki yangu ya kawaida kisha nikaigawa kwenye vikopo vidogo, si inatosha?" Haitoshi. Kikeki cha kuliwa kwa tonge moja kina masharti yake. Nimekuwa nikioka vikeki hivi hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, kwa ajili ya nyumbani na kwa wateja wa mtaani, na ninachokisisitiza kuliko vyote ni hiki: kikeki kidogo kinataka unyevu mwingi na ladha kali kuliko keki kubwa, na aisingi yake ichaguliwe kwa kuangalia joto la Februari, si kwa kuangalia picha za mtandaoni.

Unyevu kwanza. Keki kubwa ina kiini kinene ambacho moto unakifikia polepole, kwa hiyo hata ukichelewa kidogo katikati bado kutakuwa laini. Kikeki kidogo karibu chote ni ukingo. Kikeki cha kawaida cha kikopo hukaa kwenye oveni dakika 18 hadi 20. Hiki kidogo, chenye upana wa sentimita 4 na nusu hivi, kwa nyuzi 175 kinaiva kwa dakika 10 hadi 12, na dakika mbili za kusahau zinatosha kukikausha kabisa. Mimi naanza kuangalia dakika ya 9. Nabonyeza juu kwa ncha ya kidole. Kikiinuka chenyewe natoa trei, hata kama bado kimepauka. Ukisubiri kigeuke kahawia ndipo uridhike, umeshakikausha.

Vipimo vyangu vinaanzia kwenye mayai. Navunja mayai 3 na kuyapima bila maganda, mara nyingi yanakuja kama gramu 150. Uzito huo huo nachukua wa siagi, wa sukari na wa unga wa ngano. Naongeza vijiko 3 vya chakula vya mtindi mzito, kijiko cha chai kimoja na nusu cha beking pauda, na chumvi kidogo hata kama siagi ina chumvi yake. Mtindi ndio unaolinda ulaini, usiuache. Siagi na sukari vipigwe mpaka viwe vyeupe na vyepesi, mayai yaingie moja moja, kisha unga uliochekechwa uingie kwa mwiko, taratibu, na ukiona umechanganyika acha hapo hapo. Unga ukipigwa sana unavuta, na kwenye kikeki kidogo ule mvuto unasikika kwenye jino mara moja. Trei ya mashimo 24 utaijaza mara moja na kubakiwa na mchanganyiko wa duru ya pili ndogo. Kwa jumla tarajia vikeki 30 au zaidi kidogo. Kila shimo lijae robo tatu tu.

Vikitoka, vikiwa bado vya moto, navipaka shira. Ni shira ile ile tunayoijua kwenye kaimati, ila nyepesi: nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe cha maji, iliki zilizopondwa, ichemke dakika chache tu bila kuwa nzito, mwisho matone ya limau. Brashi moja ya shira juu ya kila kikeki inatosha. Hili ndilo jambo moja ambalo ningemwambia mtu kama angekuwa na muda wa kusikia jambo moja tu. Kikeki kilichopakwa shira jioni kesho yake kinakuwa kitamu zaidi kuliko kilivyotoka, wakati kisichopakwa kinakuwa kimeanza kupukutika.

Ladha nayo isionewe haya. Kwenye kipande kikubwa cha keki mlaji ana muda wa kuitafuta vanila, tonge la pili, la tatu. Hapa tonge ni moja. Kwa vipimo nilivyotaja mimi natia iliki iliyotwangwa wakati huo huo, kijiko cha chai kizima, pamoja na ganda la limau lililokwaruzwa. Iliki ya unga iliyokaa dukani haifanyi kazi hiyo. Nunua punje, menya, twanga. Ukitaka chokoleti, tumia kakao halisi isiyo na sukari, gramu 30 mahali pa gramu 30 za unga, na uilowanishe kwanza kwa maji ya moto kidogo au kahawa nyeusi ili harufu yake iamke. Tunayo kakao yetu ya Kyela, na unga wake ukiupata ni mzuri kweli. Arki ya waridi inapendeza kwa siku hii, lakini iingie kwa matone kwenye shira. Ikizidi, mtu atahisi amekunywa manukato.

Sasa rangi nyekundu, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Watu wanataka kikeki chekundu mpaka ndani na wanamimina rangi ya chupa mpaka ulimi unabaki na uchungu. Wengine wanajaribu bitiruti kwenye mchanganyiko wa keki, wanaona rangi ya zambarau inayovutia, halafu oveni inaigeuza kahawia. Rangi ya bitiruti haiwezi moto mrefu. Rozela, ile ambayo wengine wanaiita choya, nayo ina tabia yake: penye uchachu inang'aa nyekundu, lakini ikikutana na mayai na beking pauda inaelekea kijivu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usihangaike kuweka wekundu ndani ya kikeki. Kiache ndani kiwe cha dhahabu au cha kakao, wekundu uwe juu, mahali ambapo jicho linaona na moto haufiki.

Chemsha konzi moja ya rozela kavu kwenye kikombe cha maji mpaka ibaki theluthi moja, chuja, acha ipoe. Pima gramu 200 za sukari ya unga, tia vijiko viwili vya chakula vya maji hayo ya rozela na matone ya limau, koroga. Itakuwa nzito na nyekundu ya kuiva, bila tone la rangi ya dukani. Ikikataa kutiririka ongeza maji kwa tone, si kwa kijiko. Geuza kikeki, chovya kichwa chake humo, kizungushe, kiinue. Uchachu wa rozela unaukata utamu wa sukari, na hapo ndipo hata wale wanaosema hawapendi keki wanarudi kuchukua cha pili.

Nina sababu nyingine ya kuipenda aisingi hii. Februari Dar es Salaam mchana hufika nyuzi 31 au 32, na usiku haupoi sana. Siagi inayeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na inalegea mapema kabla ya hapo. Ule mlima wa krimu ya siagi unaouona kwenye picha ulipigwa nchi yenye baridi au chumba chenye kiyoyozi. Ukiupandisha kwenye bodaboda kutoka Tabata mpaka Masaki utafika umelala upande mmoja. Wapo wanaochanganya nusu siagi na nusu mafuta magumu ya kupikia ili isimame. Inasimama kweli, lakini inaacha utando juu ya ulimi, na kwa kitu cha tonge moja mimi naona utando huo unaharibu kila kitu. Aisingi ya sukari na maji ya rozela haina mafuta ya kuyeyuka. Adui yake ni unyevu wa hewa: siku za mawingu inachukua saa kadhaa kukauka, kwa hiyo vipange mbele ya feni, na usifunge boksi mpaka ukigusa isinate.

Krimu ya jibini iache kabisa kama vikeki vitasafiri. Kitu chenye maziwa namna hiyo hakitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Hakuna mapenzi katika kumpa mtu tumbo la kuharisha.

Kwa wanaotaka umbo la moyo, usitafute trei ya mioyo kwanza. Oka mchanganyiko ule ule kwenye trei bapa, unene wa sentimita 2, ulaze kwenye friji mpaka uwe baridi, kisha kata kwa kikato kidogo cha biskuti. Keki yenye uvuguvugu inachanika kwenye ile ncha ya chini ya moyo. Ya baridi inakatika safi. Mabaki yatakuwa mengi, na usiyatupe. Yafikiche, yashike kwa kijiko kimoja kimoja cha shira mpaka yakubali kufinyangwa, tengeneza vidonge vya ukubwa wa ndimu changa, vipoze, vichovye kwenye chokoleti. Tumia chokoleti ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Najua ladha yake haifiki ile ya siagi ya kakao, lakini inaganda bila ufundi mwingi wa kupima joto na haiyeyuki mkononi upesi. Kama mtakula nyumbani jioni hiyo hiyo, fanya kitu kizuri zaidi: yeyusha chokoleti halisi, sehemu mbili kwa uzito, ndani ya sehemu moja ya kasimele iliyopashwa moto bila kuchemka. Nazi na chokoleti vinaelewana mno. Ila hiyo iliwe siku hiyo hiyo, tui halingoji.

Jambo dogo lenye uzito: usipambe vikeki kwa petali za waridi zilizotoka kwenye shada la dukani. Maua hayo yamelimwa kwa kutazamwa, yamepuliziwa dawa za wadudu, na kuyaosha hakuyageuzi kuwa chakula. Ukitaka ua, tumia petali kavu zinazouzwa kwa ajili ya chai, au ponda pistachio na korosho unyunyize kabla aisingi haijakauka. Na ukitia karanga za aina yoyote, muulize kwanza anayepelekewa kama zinamdhuru.

Huna oveni? Jiko la mkaa linafaa. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria pana, upashe moto kama robo saa, panga vikopo vya bati juu yake, funika kwa sinia na upalie makaa: machache chini, mengi juu. Vikopo visigusane. Moto wa namna hii hauna namba, kwa hiyo oka viwili vitatu vya majaribio kabla ya kuweka vyote, ujue jiko lako leo linataka dakika ngapi.

Kuhusu ratiba, oka tarehe 13 jioni, paka shira, funika vikipoa. Aisingi iwekwe asubuhi ya tarehe 14 mapema, kabla jua halijapanda. Maboksi yenye dirisha yapo tele Kariakoo, lakini yanunue wiki mbili kabla, maana siku za mwisho kila mwokaji yuko huko. Boksi liwe la kimo kifupi, vikeki vibanane ili visicheze njiani. Kama unauza, uza kwa boksi la 6 au la 12, usiuze kimoja kimoja. Muda wa kuchovya na kupamba ndio gharama yako kubwa, nao hauonekani mtu akinunua kimoja.

Na tazama kalenda kabla ya kupokea oda. Mwaka 2024 tarehe 14 Februari iliangukia Jumatano ya Majivu, siku ya kufunga kwa Wakatoliki, na itakuwa hivyo tena mwaka 2029. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo siku hii itakuwa ndani ya mfungo. Kwa wateja wanaofunga, mimi naandika saa ya kupeleka kuwa baada ya magharibi, naongeza iliki kwenye shira, na aisingi naiweka alasiri badala ya asubuhi.